Neno la Kiingereza “Flexible” na Maana Zake katika Kiswahili

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri wetu, limo neno moja ambalo kwa sura ni jepesi kabisa, nalo ni sifa “flexible”. Mwanafunzi wa shule hulifahamu, magazeti hulitumia kila siku, na kamusi hulieleza kwa maneno mawili matatu kisha hupita. Lakini mfasiri akilikuta katika sheria, au katika mkataba wa kazi, au katika kitabu cha utabibu, huona kwamba maneno yale mawili matatu hayamtoshi. Kila moja lafaa mahali pamoja na kuharibu mahali pengine.

Makusudio ya makala haya ni kueleza neno hilo lilikotoka, mambo linayoyataja na mambo linayoyaficha, kisha kuonyesha njia ambazo Kiswahili kinazo za kuyasema mambo hayo. Nitajaribu kuthibitisha kwamba Kiswahili hakina upungufu wa neno hapa. Kina maneno mengi yaliyogawana kazi ambayo Kiingereza kimempa mtumishi mmoja. Na mfasiri asiyeujua mgawanyo huo aweza kumtia mtu hasarani.

Wala jambo hili si la chuoni tu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria za nchi. Sheria nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na mikataba mingi vile vile. Hivyo neno ambalo zamani lingeweza kuachwa kama lilivyo, sasa lataka kufasiriwa, na tafsiri yake huenda ikasomwa mbele ya hakimu.

Asili ya neno

Neno “flexible” limetokana na kitenzi cha Kilatini, “flectere”, maana yake kupinda. Kutokana nacho Warumi walifanya sifa “flexibilis”, yaani kitu kinachoweza kupindwa. Sifa hiyo iliingia katika Kifaransa, na mwanzoni mwa karne ya 15 tayari ilikuwa imeingia katika Kiingereza. Tangu siku zile za mwanzo ilikuwa na maana mbili pamoja: ilitajwa kwa kitu kinachopindika mkononi, na ilitajwa kwa moyo au akili inayokubali kuongozwa. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba maana ya tabia ni nyongeza ya siku hizi.

Kilatini kilichagua kitenzi cha kupinda, na mwisho wa neno, “-ible”, ukaongeza maana ya uwezekano wa kutendwa. Msomaji atazame mambo ambayo umbo hili haliyasemi. Halisemi ni nani apindaye. Halisemi kama kitu kikiisha kupindwa hurudi kilivyokuwa au hubaki hivyo hivyo. Wala halisemi kama kupindika huko ni jambo jema au baya. Mambo hayo matatu yameachwa wazi, na msikilizaji wa Kiingereza huyajaza mwenyewe kwa kuangalia maneno yaliyo jirani.

Kiingereza kinayo pia maneno mengine yaliyo jamaa ya hili, na yafaa tuyatazame ili mipaka yake ionekane. Neno “pliable” limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukunja, na likitumiwa kwa mtu mara nyingi ni lawama: ni mtu anayekunjwa na kila mwenye nguvu. Neno “supple” lilitoka kwa Kilatini “supplex”, yaani mwombaji anyenyekeaye. Leo hutajwa zaidi kwa ngozi iliyolainishwa na kwa viungo vya mwili, wala Mwingereza wa kawaida hakumbuki tena kwamba ndani yake kuna mtu aliyepiga magoti. Neno “elastic” liliingia katika karne ya 17, na asili yake ni Kiyunani; hilo hutaja kitu kinachovutwa kikarudi.

Mwaka 1678 vilipigwa chapa huko London vitabu viwili ambavyo vikiwekwa pamoja vyaonyesha vizuri tofauti hizi. Kimoja ni cha mtaalamu Robert Hooke, aliyeandika juu ya nguvu ya kitu kurudi kilivyokuwa, akaeleza kanuni kwamba springi huvutika kwa kadiri ya uzito inaoutundikiwa. Kingine ni hadithi ya John Bunyan ya msafiri aendaye katika mji wa mbinguni. Humo yumo mtu aitwaye Pliable, ambaye hushawishika upesi kufuatana na msafiri, na mara wanapotumbukia katika matope hugeuka akarudi kwake. Kwa Hooke, kupindika na kurudi ni nguvu ya maumbile inayoweza kupimwa. Kwa Bunyan, kushawishika huku na huku ni udhaifu wa roho. Neno “flexible” la leo laweza kuingia katika kitabu cha kwanza na katika cha pili pia.

Mambo ya mkononi

Sasa tutazame Kiswahili, tukianza na vitu vinavyoshikika, maana humo ndimo mgawanyo unamoonekana wazi.

Chuma hupindwa, na fimbo hupindwa. Nguo, mkeka na karatasi hukunjwa. Ajuaye Kiswahili hawezi kuvibadili vitenzi hivi bila ya kubadili maana: kupinda nguo ni kuishona upindo, na kuikunja ni kuiweka tabaka juu ya tabaka. Kamba iliyofungwa huku na huku ikatundikwa nguo mbichi hunepa katikati. Mti wa kuchukulia mizigo begani hunesanesa kila mchukuzi apigapo hatua. Mpira huvutika. Ngozi iliyokandwa vizuri hunyumbuka. Mwingereza aweza kuviita vyote hivi, kamba na mti na ngozi, kwa sifa ile moja tunayoizungumzia. Mswahili huchagua kitenzi kwa kutazama namna ya mwendo.

Tena lugha yetu huangalia sana kama kitu hurudi. Upinde wa mwindaji umepewa jina lake kwa kitenzi pinda, lakini faida yake yote imo katika kurudi. Upinde uliopindwa ukabaki hivyo haurushi mshale. Kinyume cha upinde ni samaki. Wazee husema, “Samaki mkunje angali mbichi,” na husema pia, “Udongo uwahi ungali maji.” Methali zote mbili zasifu wakati wa ulaini, lakini hazisifu kurudi hata kidogo. Samaki aliyekunjwa akakauka hakunjuki tena, na chungu kilichokauka huvunjika kabla hakijabadilika. Maana yake ni malezi: mtoto ainamishwe akingali mdogo ili abaki hivyo. Mfasiri atakayezieleza methali hizi kwa Kiingereza kwa kutumia sifa “flexible” atakuwa hakukosea, lakini atakuwa ameacha nusu ya maana.

Kuna maneno mawili ambayo wafasiri hukimbilia kwa wepesi, nayo yanataka tahadhari. La kwanza ni laini, ambalo tulilipata kutoka kwa Waarabu. Laini ni habari ya mguso. Unga ni laini, wala haupindiki. Springi ya chuma hupindika, wala si laini. Kwa viungo vya mwili neno hili lafaa, maana desturi ya lugha imelikubali, na twasema mtoto ana viungo laini. Lakini ukilipeleka kwa bomba, au kwa ratiba, au kwa sheria, utakuwa umetaja jambo lingine. La pili ni -legevu. Kamba iliyolegea haikupata sifa ya kupindika kwa kulegea kwake. Imepungukiwa tu na mkazo uliotakiwa. Ndiyo sababu ulegevu, ukitajwa kwa kazi au kwa mtu, ni aibu siku zote.

Linabaki neno -nyumbufu, na kwa vitu hili ndilo lililo karibu kuliko yote. Hutajwa kwa kitu kinachopindika au kuvutika bila ya kukatika. Wataalamu wa sayansi walifanya vizuri kulichukua, na katika vitabu vya fizikia halina hatari, kwa sababu huko kila istilahi huwekewa maana yake tangu mwanzo. Lakini wanafunzi wa sarufi waangalie wasilichanganye na nyambua, ambalo ni kuchana au kutenga vipande vipande. Maneno haya mawili yanafanana kwa sauti, na yote mawili yameingia katika istilahi za sarufi yetu. Lakini kitu kilichonyumbuka kingali kizima, na kilichonyambuliwa kimekwisha kutengwa.

Umbo la kitenzi na umbo la sifa

Katika sarufi, jambo lililo karibu zaidi na “-ible” ya Kiingereza ni kauli ya kutendeka, yaani kiambishi -ik- au -ek-. Tukipata pinda twafanya pindika; kunja hufanya kunjika; soma hufanya someka. Kauli hii hutaja ama hali iliyokwisha kuwa, kama katika “waya umepindika,” ama uwezekano, kama katika “waya huu hupindika.” Katika hali zote mbili haimkaribishi mtenda. Twasema “waya umepindwa na fundi,” lakini hatusemi “umepindika na fundi.” Mtenda ametolewa nje, mlango ukafungwa.

Lakini Kiswahili hakikuishia hapo, maana kauli nyingine zipo tayari kumrudisha mtenda huyo. Kupindwa humtaja kwa “na”. Kupindisha huonyesha kwamba yupo aliyesababisha. Kujipinda hurudisha tendo kwa mtenda mwenyewe; na hapa msomaji atakumbuka kwamba mtu aliyejipinda si mtu aliyekubali kila neno, bali ni mtu aliyejitahidi kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo mwenye kuandika Kiswahili anayo nafasi, na mara nyingi analazimika, kuamua ni nani anayetenda. Mwenye kuandika Kiingereza aweza kuandika sifa yake kisha akanyamaza.

Njia ya pili ni sifa zenye mwisho wa -fu na -vu. Kutokana na nyooka tuna -nyoofu. Kutokana na punguka, -pungufu. Kutokana na nyumbuka, -nyumbufu. Hapo sauti k imegeuka f mbele ya u. Kutokana na legea tuna -legevu. Kutokana na tulia, -tulivu. Kutokana na vumilia, -vumilivu. Hizo zilikuwa na sauti l zamani, nayo ilipotea kati ya vokali lakini imeacha alama yake katika v. Sifa za namna hii zina tabia moja kubwa: hazitaji tendo la leo, hutaja hali iliyotulia ndani ya kitu au mtu. Aliyetulia sasa hivi huenda jioni akafanya fujo. Mtulivu ni mtulivu. Hali kadhalika, ukisema kitu ni -nyumbufu umesema kwamba ndiyo asili yake. Basi mtu aliyebadili shauri mara moja kwa sababu njema hakustahili bado kupewa sifa hii, wala ratiba iliyobadilishwa mara moja.

Kupinda na kunyooka katika tabia

Tukitoka kwa vitu tukaenda kwa tabia, twakuta hatari iliyo kubwa zaidi. Katika Kiswahili, kunyooka ni wema na kupinda ni uovu. Mtu mwaminifu ni mnyoofu. Mwenye imani thabiti ana msimamo. Mwenye uso mwema na moyo wazi ni mkunjufu, yaani kama nguo iliyokunjuliwa, haina mikunjo ya kuficha kitu. Kinyume cha hayo, maneno yaliyopinda ni ya hila, mambo yakienda kombo yameharibika, na kupindisha ushahidi ni kosa la jinai. Hata ugumu wa mwili umepata heshima: kutokana na kakamaa tumepata ukakamavu, nayo ni sifa ya askari na ya mwanamichezo.

Kiingereza nacho kinalo jambo kama hili katika maneno yake ya nyumbani. Kwa kitenzi chake cha kawaida cha kupinda, husema kwamba mtu amezipinda kanuni, nayo si sifa njema. Lakini neno “flexible” limeokoka na aibu hiyo kwa sababu mizizi yake ni ya kigeni. Mwingereza asiyesoma Kilatini hasikii kupinda ndani yake, husikia wepesi tu. Mswahili asomapo “inayopindika” husikia pinda mara moja, kwa kuwa kitenzi kimo wazi mbele yake. Kwa hiyo tafsiri iliyo sahihi kwa mizizi yaweza kuwa ya uongo kwa maana.

Mfano mzuri umo katika sheria za katiba. Mwanasheria James Bryce, katika kitabu chake cha mwaka 1901, alizigawa katiba katika namna mbili, moja akaiita “flexible” na nyingine “rigid”. Katiba ya namna ya kwanza, kama ya Uingereza, hubadilishwa na bunge kwa utaratibu ule ule wa sheria za kila siku. Ya namna ya pili hutaka utaratibu mzito zaidi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ni ya namna hii ya pili, kwani kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo fulani theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wa Muungano. Sasa, mwanafunzi akiandika kwamba Waingereza wana “katiba inayopindika,” msomaji wetu ataelewa kwamba katiba hiyo hupotoshwa na wakubwa wapendavyo. Na akiandika “katiba ngumu” kwa ile nyingine, msomaji atadhani haifahamiki. Bryce hakusema lolote katika hayo. Alilotaka kusema ni “katiba inayorekebishwa kwa utaratibu wa kawaida” na “katiba inayorekebishwa kwa utaratibu maalumu.” Maneno ni mengi zaidi, lakini ni ya kweli.

Kwa watu vile vile hatuna neno moja, na si hasara. Kiongozi anayesikiliza hoja akabadili shauri ni msikivu. Anayekubaliana na wenzake bila ya ushindani ni mtu wa kuelewana. Anayeweza kazi nyingi za namna mbalimbali ni hodari wa mengi. Anayebadilika kila upepo unapogeuka ni kigeugeu, na methali imekwisha mhukumu: “Bendera hufuata upepo.” Barua ya Kiingereza ya kumsifu mfanyakazi yaweza kuwa na neno moja tu linalofaa kwa hawa wanne wote. Mfasiri hana budi kusoma barua nzima ili ajue ni yupi anayesifiwa, au kama aliyeandika alikuwa akilaumu kwa adabu.

Saa za kazi

Nimeliweka mwisho jambo la saa za kazi kwa kuwa hapo ndipo neno hili linapogusa riziki ya mtu.

Mpango wa kumwachia mfanyakazi achague saa ya kuingia na kutoka ulianzishwa mwaka 1967 katika kiwanda cha vyombo vya anga huko Ottobrunn, karibu na mji wa München, Ujerumani. Wafanyakazi wote walikuwa wakifika saa moja, magari yakisongamana barabarani; ikaonekana afadhali kila mtu aje kwa nafasi yake, mradi awepo kazini katika saa za katikati ya siku na atimize jumla ya saa zake. Wajerumani hawakutumia kitenzi cha kupinda. Waliuita mpango ule “Gleitzeit”, yaani wakati wa kuteleza. Waingereza walipoupokea, walilitwaa neno lao la kawaida.

Katika Uingereza neno hilo likaingia katika sheria. Tangu Aprili 2003 wazazi wenye watoto wadogo walipewa haki ya kuomba kubadilishiwa saa au mahali pa kazi. Juni 2014 haki hiyo ilienezwa kwa waajiriwa wote waliotimiza majuma 26 kazini, na tarehe 6 Aprili 2024 sharti la majuma hayo likaondolewa. Katika habari hii yote mwenye kuomba ni mfanyakazi, na neno ni zuri kwake. Lakini katika nchi ile ile, na kwa neno lile lile, imesifiwa pia mikataba ambayo haimwahidi mfanyakazi hata saa moja ya kazi kwa juma, naye hungoja kuitwa. Katika mpango wa kwanza saa huufuata uhai wa mfanyakazi. Katika wa pili uhai wake huzifuata saa. Kiingereza kimeviita vyote viwili “flexible hours”, bila ya kuvunja kanuni yoyote ya sarufi, kwa sababu neno lenyewe halikutaja mtenda tangu Roma.

Mfasiri mmoja aliwahi kuniletea mkataba wa kazi ulioandikwa kwa Kiingereza akaomba shauri. Mkataba ulisema mwajiriwa atafanya kazi kwa saa za namna hiyo, basi, pasipo maelezo zaidi. Yeye alikuwa ameandika “saa nyumbufu,” na mwenzake kabla yake alikuwa ameandika “saa laini.” Nilimwomba amsomee mtu asiyejua Kiingereza tafsiri zote mbili. Alirudi akaniambia kwamba kwa “saa laini” yule mtu alidhani ameahidiwa kazi nyepesi, na kwa “saa nyumbufu” alidhani siku ya kazi yaweza kuvutwa ikarefuka bila ya mwisho. La kwanza lilimfurahisha na la pili lilimtisha, na hakuna hata moja lililompa habari aliyoihitaji kabla ya kutia sahihi, yaani: nani atakayepanga?

Swali hilo Kiswahili hulijibu kwa silabi chache. Ikiwa mfanyakazi ndiye mwenye kuchagua, hizo ni saa za kujipangia. Ikiwa mwajiri ndiye atakayezitaja kila juma, hizo ni saa za kupangiwa. Ikiwa hupangwa kwa shauri la wote wawili, ni saa za kupatana. Kitenzi ni kile kile panga katika mawili ya kwanza. Kiambishi tu ndicho kilichobadilika, na pamoja nacho hali nzima ya mtu. Baada ya hapo mkataba waweza kutaja kikomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa juma, na mwenye kusoma “saa za kupangiwa” atajua mara moja kwamba yampasa kuuliza habari ya kikomo hicho. Mwenye kusoma “saa laini” hatauliza.

Kuna hoja moja inayoweza kuletwa dhidi ya shauri hili, nayo ni nzito. Wanasheria watasema kwamba mfasiri si mwamuzi. Ikiwa mwandishi wa kwanza ameliacha jambo katika utata, mfasiri hana ruhusa ya kuuondoa utata huo, maana akichagua “kujipangia” amempa mfanyakazi haki ambayo huenda hakupewa, na akichagua “kupangiwa” amemnyang’anya. Nakubali kwamba hoja hii ni ya haki. Lakini haitupeleki kwenye “laini” wala kwenye “nyumbufu,” kwa sababu maneno hayo hayahifadhi utata wa asili. Yanaleta utata mwingine mpya. Ikiwa hapana mtu wa kuulizwa, na utata hauna budi kubaki, basi Kiswahili kina njia ya kuubakiza ulivyo: “saa zinazoweza kubadilika.” Kauli hiyo, kama “-ible” ya Kiingereza, humficha mtenda, na msomaji ataona kwamba kuna kitu hakikusemwa, akiulize. Wanasheria nao wanayo kanuni ya zamani kwamba neno la mkataba lenye maana mbili huweza kufasiriwa dhidi ya aliyeliandika. Kwa hiyo utata uliobakizwa kwa uaminifu waweza kumfaa mnyonge, ila utata uliozuliwa na mfasiri haumfai mtu yeyote.

Mambo ya kuuliza

Kutokana na hayo yote, namshauri mfasiri akilikuta neno “flexible” ajiulize mambo manne kwa utaratibu.

Kwanza, ni kitu gani kinachotajwa: kitu cha mkononi, kiungo cha mwili, mtu, au utaratibu? Kwa kitu cha mkononi -nyumbufu lafaa, au kitenzi kinachotaja mwendo wake hasa. Kwa viungo, laini au -epesi. Kwa mtu na kwa utaratibu, maneno hayo yaachwe.

Pili, je, chenye kupindwa hurudi? Kikiwa hurudi, tafsiri iseme hivyo; kikiwa hubaki, ikumbukwe kwamba hapo tumo katika habari ya samaki na udongo.

Tatu, ni nani anayepinda? Jibu lipo katika kauli za vitenzi vyetu, na katika mikataba na sheria swali hili ndilo la kutangulizwa.

Nne, mwandishi anasifu au analaumu? Ikiwa anasifu, kitenzi pinda na jamaa zake wote wakae mbali, hata kama kamusi imewaruhusu.

Kamusi haziwezi kuyafanya haya kwa niaba yetu, kwa kuwa kamusi hupanga neno kwa neno, nasi tumeona kwamba hapa neno moja limekabiliana na mfumo mzima wa vitenzi. Hata hivyo zaweza kusaidia zaidi kuliko zisaidiavyo sasa, endapo chini ya neno hili zitaweka mifano ya matumizi mahali pa orodha ya visawe. Wasomaji walioko Lamu, Pemba, Mtang’ata na kwingineko pwani, hasa mafundi wa majahazi, wasukaji wa mikeka na wavuvi, huenda wanayo maneno ya kutaja namna mbalimbali za kupindika kwa mbao, ukindu na kamba ambayo hayajaandikwa. Tutashukuru kuyapokea, pamoja na sentensi moja moja ya kuonyesha yanavyotumika.